Tuhamie wapi: Zulip, Matrix, Discord, Slack, au tubaki kwenye kundi la simu?

Chelezo (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Nasimamia mradi mdogo wa programu huria ya kutunza hesabu za vikoba. Tuko arobaini na kidogo: wengi Dar na Mwanza, wachache Mombasa, wawili Bukavu, mmoja Muscat. Tangu tuanze tunazungumza kwenye kundi la simu, na ndilo lililotufikisha hapa, silibezi. Lakini mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliuliza riba inakokotolewaje mkopo ukilipwa kabla ya muda. Jambo hilo tulilijadili siku mbili nzima mwaka jana, tukakubaliana, tukaandika kodi ya programu (code). Hakuna aliyeweza kuyapata mazungumzo yale tena. Mwenzetu aliyekuwa nayo alibadilisha simu. Kijana akasubiri siku nne, akajitoa kimya kimya. Limeniuma sana.

Natafuta mahali ambapo jibu la leo litaonwa na mgeni wa kesho, hata kabla hajafungua akaunti. Hilo ndilo la kwanza kwangu. La pili ni bando, maana wengi wetu tunaingia kwa simu. Mnatumia nini, na kwa nini?

PwaniFundi
Slack iondoe mapema. Tangu Septemba 2022 mpango wake wa bure unaonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na tangu Agosti 2024 yale yaliyozidi mwaka mmoja yanafutwa kabisa. Kulipia kila kichwa, mradi wa kujitolea utatoa wapi?

Telegram ni nyepesi na naipenda. Ila kodi ya seva zake haiko wazi, na huku kwetu Kenya, Novemba 2024, iliagizwa izuiwe wakati wa mitihani ya KCSE. Agizo kama lile likija tena, mtatawanyika.

Kivu_84
Mimi ni wa Discord, kaka. Vijana wako kule tayari, na vyumba vya sauti vinasaidia sana mnapotafuta hitilafu pamoja. Hapa Bukavu nimefundisha watu wawili Git, ile ya kutunza matoleo ya kodi, kwa sauti tu, kwa maandishi ingechukua wiki.

PwaniFundi
Kwa sauti nakubali. Lakini yanayosemwa kule yanabaki kule kule. Mgeni akitafuta kwenye Google hayaoni, na ni lazima awe na akaunti kwanza. Chelezo ameshasema tatizo lake ni hilo hilo.

MzeeTeminali
Vijana, msiisahau IRC, ile ya kuchati kwa maandishi matupu. Jarkko Oikarinen aliiandika Oulu, Finland, mwaka 1988, na hadi leo inapita kwenye mtandao dhaifu kuliko yote mliyoyataja. Mwezi Mei 2021 wasimamizi wa kujitolea wa Freenode, mtandao wa IRC, hawakuafikiana na aliyeushika mtandao ule, wakajiuzulu, wakaanzisha Libera.Chat. Miradi mingi ikawafuata upesi. Waliweza kwa sababu itifaki, yaani kanuni ambazo programu na seva zinawasiliana kwazo, si mali ya mtu: unabadilisha anwani ya seva, unaendelea na programu ile ile. Lolote mtakalochagua, ulizeni kwanza mlango wa kutokea uko wapi.

Kasoro yake nitaisema mwenyewe. Ukikatika, yaliyosemwa ukiwa nje huyapati, labda uwe na mashine inayobaki mtandaoni kwa niaba yako. Kwa mtu wa bando hiyo ni shida.

BintiSeva
Shikamoo mzee. Mlango huo ndio ulionipeleka Matrix. Itifaki iko wazi, na aliye kwenye seva yake anaongea na aliye kwenye nyingine kama barua pepe. Mozilla ilizima IRC yake Machi 2020 ikahamia huko, na miradi ya programu huria ya KDE na GNOME iko huko pia.

Naendesha Synapse, programu ya seva ya Matrix, kwa ajili ya kikundi chetu, kwa hiyo nisikufiche: inakula kumbukumbu ya mashine, hasa mkijiunga na vyumba vikubwa vya seva nyingine. Wageni nao wanahangaika na funguo za usimbaji, yaani kuuficha ujumbe usisomwe na wengine. Mtu anaingia kwa simu mpya, anakuta ujumbe wa zamani haufunguki. Chumba cha wazi kiache bila usimbaji, ukishauwasha hauzimiki.

Jozi_ya_Kamba
Kwa tatizo hili mimi nasema Zulip, na sababu ni moja: mada. Kila ujumbe unakaa ndani ya chaneli, na chini yake una kichwa cha habari. Swali la riba linakaa peke yake, jibu linakuja chini yake hata baada ya miezi mitatu, na anayetafuta anayakuta pamoja. Wanaotengeneza lugha ya programu ya Rust wanaitumia, wa Lean vilevile. Unaweza kufungua chaneli zisomwe na yeyote bila akaunti. Miradi ya programu huria inapewa nafasi kwenye seva zao bure, kodi yenyewe ina leseni huria ya Apache 2.0, na mkitaka kuondoka mnachukua data yenu mnaiweka kwenye seva yenu. Mlango wa mzee huo hapo.

Wiki mbili za kwanza watu wako watamwaga kila kitu kwenye mada moja. Usigombe. Msimamizi anaweza kuuhamisha ujumbe kwenye mada yake, na watajifunza kwa kuona.

Chelezo
Na wale ambao hawatatoka kwenye kundi la simu? Mtunza hazina anayetujaribia programu, mama mmoja wa Mwanza, hawezi kuongezewa programu nyingine.

BintiSeva
Mwache alipo, na kundi libaki kwa matangazo na salamu. Wekeni sharti moja: hakuna uamuzi wa kodi unaofanyika humo. Mama akileta hoja, mmoja wenu aiandike kule, arudi na jibu.

Kivu_84
Na sauti tufanyie popote, mradi mtu aandike tulichokubaliana.

Chelezo
Asanteni sana. Jana usiku nimefungua Zulip kwa majaribio ya miezi miwili. Mada ya kwanza inaitwa "Riba ya mkopo uliolipwa mapema". Tumekaa watatu tuliokuwepo mwaka jana, tukaandika upya kila tulichokumbuka pamoja na mfano wa mkopo wa shilingi 300,000. Namba ya yule mwanafunzi nimeipata kwa mwenzake wa chuo. Nimemwomba radhi na kumtumia kiungo.