Tupeane uzoefu: Barua pepe "imetumwa", kiambatisho hakijafika

Mwanzisha mada (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Ninafanya kazi kwenye steshenari jirani na stendi. Siku hizi watu wengi wanaokuja kwetu wanataka kutuma barua pepe zenye viambatisho: maombi ya kazi, nyaraka za zabuni, vyeti vya mtoto anayehama shule. Mtu anaskani, anatuma, anaona imeandikwa "imetumwa", anaondoka moyo mweupe. Baadaye anapiga simu kuulizia, anaambiwa hatujaona kitu. Inauma, hasa kama siku ya mwisho ya kupokea maombi imeshapita.

Naomba kila mwenye kisa akiweke hapa pamoja na alivyokitatua. Ila tukisimulia, tuanze na swali ambalo humuuliza kila mteja kabla sijagusa kompyuta: barua yenyewe imefika bila faili, au hakikufika kitu kabisa? Haya ni matatizo mawili tofauti. Barua ikifika bila faili, kagua programu ya mtumaji na ulinzi wa upande wa mpokeaji. Kisipofika kitu, anza na kikasha chako mwenyewe, kwa sababu mara nyingi seva ya kule (kompyuta inayopokea barua za mpokeaji) imeshakujibu na jibu liko hapo halijafunguliwa.

Naanza mimi. Dada mmoja alikuwa anaomba kazi ya uhasibu. Tangazo lilisema viambatisho visizidi MB 20, faili lake lilikuwa MB 19, na bado halikufika. Tulipofungua kikasha chake tukakuta ujumbe kutoka Mailer-Daemon (mashine inayokujulisha barua ikishindwa kufika), Kiingereza kitupu, katikati kuna namba 552 na 5.3.4. Maana yake ukubwa umezidi. Akaniuliza, umezidi vipi na MB 20 haijafika?

Jibu ni hili. Barua pepe iliundwa kubeba maandishi tu. Faili lolote, iwe picha au PDF, hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kuondoka, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Kwa hiyo mzigo unaongezeka kwa theluthi na kidogo. MB 19 yake ilipokuwa njiani ilishavuka 25. Ofisi ikisema MB 20, na seva yao ikihesabu barua nzima, wewe lenga chini ya MB 14 ndiyo ulale usingizi.

Vyeti vyake vilikuwa vimeskaniwa kwa rangi, dpi 600 (dpi ni idadi ya vitone kwa kila inchi). Tukaviskani upya kwa dpi 200. Kutoka 600 kuja 200 vitone vinapungua mara 9, na muhuri pamoja na saini bado vinasomeka vizuri. Faili jipya halikufika hata MB 3. Likapita.

Mhasibu (Mwanza)

Asante kwa mada, mkuu. Mimi nina kisa cha lile faili linaloitwa winmail.dat.

Tuna mteja Bukoba anayetumia Thunderbird, programu ya barua pepe isiyo ya Microsoft. Kila ankara tuliyomtumia kwa Outlook ya ofisini alijibu kwamba amepata winmail.dat, haifunguki, na PDF haioni. Wateja wengine ankara zao walizipata bila shida. Hapo ndipo ofisini wakaanza kusema kompyuta yake ni mbovu, na mimi nikakataa, kwa sababu barua za watu wengine alikuwa anazipata na viambatisho vyake vyote.

Kumbe Outlook ina mtindo wa kuandika unaoitwa Rich Text. Ukituma kwa mtindo huo, inafunga rangi, aina za herufi na viambatisho vyote ndani ya furushi moja ambalo programu nyingi zisizo za Microsoft hazijui kulifungua. PDF ilikuwa inafika Bukoba kila mara, ila imo ndani ya furushi. Kwenye dirisha la kuandikia barua tukaweka HTML, mtindo ambao karibu kila programu inausoma, halafu kwenye mipangilio ya barua tukaagiza kila Rich Text inayotoka nje igeuzwe HTML.

Bado ikaendelea kwake peke yake! Tulipofungua anwani yake kwenye orodha ya mawasiliano tukakuta imewekewa Rich Text yake binafsi. Tukaiondoa, na ankara iliyofuata akaipata kama PDF. Kwa hiyo ukiona mtu mmoja tu ndiye hapati na wengine wanapata, fungua jina lake kwenye orodha yako kabla ya kumlaumu.

Mdau (Nairobi)

Kwetu tatizo halikuwa ukubwa wa faili. Mpokeaji alikuwa amejaza ile GB 15 ya bure ya Google, na hiyo nafasi inatumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos. Tangu Juni 2021 picha mpya unazohifadhi Photos zinahesabiwa humo, kwa hiyo mtu anarekodi video za harusi ya dadake na barua za kazi zinaanza kurudi kwa waliotuma. Ukiona namba 5.2.2, yaani kikasha cha mpokeaji kimejaa, usihangaike kupunguza faili. Mpigie simu afute video.

Mwalimu (Kigoma)

Sijui kama wengine mmekutana na hili la flashi. Kuna mwalimu mwenzangu alitakiwa kutuma alama za wanafunzi kabla ya kikao. Akakusanya folda kwenye flashi, akaibana kuwa zipu, Gmail ikaigomea kwa kusema imezuiwa kwa sababu za kiusalama. Akabadilisha jina, ikagoma tena. Akaniita.

Nilichofanya ni kufungua zipu na kuangalia ndani polepole. Majina ya mafaili yalikuwa sahihi kabisa: Kidato cha Pili A, Kidato cha Pili B. Lakini kila ikoni ilikuwa na kamshale kadogo kamepinda kwenye kona ya chini kushoto, na kwenye safu ya ukubwa kila faili lilikuwa KB 1 au 2. Orodha ya alama za darasa zima haiwezi kuwa KB 1. Hayakuwa mafaili, yalikuwa njia za mkato (shortcut) tupu. Flashi ilikuwa imepata kile kirusi kinachoficha mafaili yako halisi na kuweka njia za mkato mahali pake. Gmail haipokei mafaili ya aina ya .lnk, ndizo hizo njia za mkato, hata yakiwa ndani ya zipu, na ilikuwa na haki, maana angewapelekea kirusi ofisi nzima.

Mafaili yenyewe yalikuwepo bado, yamefichwa tu. Tulisafisha kompyuta kwanza kwa antivirusi, kisha tukafungua ile dirisha nyeusi ya amri na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (herufi E ni ya flashi, kwako inaweza kuwa nyingine). Yakarudi yote. Mkisafisha flashi bila kusafisha kompyuta, ukiichomeka tena inaambukizwa upya.

Mwanafunzi (Iringa)

Mimi naomba msaada. Natuma ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwa simu, imeandikwa iko kwenye foleni tangu asubuhi. Nimeituma tena na tena. Msimamizi wangu hajaona kitu.

Mdau (Tanga)

Mnajitesa bure. Tumieni WhatsApp, inapokea nyaraka hadi GB 2.

Mwanzisha mada (Morogoro)

Mkuu wa Tanga, kwa mambo ya nyumbani sawa, na mimi hutumia. Ila mwajiri aliyeandika anwani ya barua pepe kwenye tangazo anataka barua iingie kwenye kikasha cha ofisi, ibaki na tarehe na saa yake. Pia wanaopiga picha cheti na kuituma kama picha ya kawaida wanaikuta imepunguzwa ubora hadi namba ya cheti inafifia. Kama ni lazima iwe WhatsApp, itume kama hati.

Mwanafunzi wa Iringa, nakuja kwako, nipe dakika.

Mdau (Muscat)

Assalamu alaikum. Mimi natokea Pemba, niko Oman kikazi. Nilikuwa nawapelekea wazee nyumbani hati za kiwanja, nimezipiga kwa iPhone, nyingi na nzito. Programu ya barua ya Apple mzigo ukizidi haiubebi ndani ya barua. Inauweka kwenye iCloud na kumpelekea mpokeaji linki ya kupakua, huduma yao wanaiita Mail Drop. Inafika hadi GB 5, lakini linki hiyo hufa baada ya siku 30.

Baba hafungui barua pepe mpaka mjukuu wake arudi kutoka skuli ya bweni. Mjukuu aliporudi, linki ilikuwa imekufa zamani, na kila mtu Pemba anasema Muscat hawakutuma kitu. Barua ilifika siku ile ile, kilichokwisha muda ni faili. Nilizigeuza zile picha kuwa PDF moja nyepesi ikaingia ndani ya barua yenyewe, na hadi leo ipo hapo baba anapoitaka. Kwa wazee wetu nashauri faili liwe ndani ya barua, si linki.

Na picha za iPhone zikitoka kwa aina ya HEIC, kompyuta nyingi za zamani haziifungui. Kwenye mipangilio ya kamera pana sehemu ya kuchagua aina inayokubalika zaidi, zikatoka JPEG.

Mtu wa TEHAMA (Dodoma)

Nimesoma uzi wote, hongereni. Mimi niko upande wa pili, ninasimamia seva ya barua ya taasisi, kwa hiyo ninaona kinachozuiwa getini.

Jambo la kwanza ambalo wananchi hawaambiwi: si kila kinachozuiwa kinarudishwa kwa mtumaji. Kikiwa kikubwa mno au anwani haipo, seva inakataa na wewe unapata namba. Lakini kikionekana cha hatari, taasisi nyingi hukizuia pembeni (karantini) kimya kimya. Mtumaji haambiwi, mpokeaji naye haambiwi, au anaambiwa kwa muhtasari asioufungua. Sababu ni kwamba anwani za watumaji wa virusi mara nyingi ni za kughushi, na ukijibu kila moja unamsumbua mtu asiyehusika. Mimi binafsi naona mpokeaji angalau aambiwe kila siku, na kwetu tumefanya hivyo, ila si kila mahali.

Kinachoingia karantini kwetu sana ni zipu yenye nenosiri, kwa sababu mashine haiwezi kuona ndani. Watu huweka nenosiri kwa nia njema, kulinda taarifa za mishahara, na ndiyo hiyo inayozuia. Kinachofuata ni jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), zile za .xlsm. Tafadhali msibadilishe mwisho wa jina ili faili lipite. Vichujio vinasoma ndani ya faili, na faili linalodai ni PDF huku ndani ni kitu kingine linatiliwa shaka zaidi.

Jambo la pili ni la wenye kampuni ndogo zenye kikoa chao wenyewe (jina lao la mtandaoni, lile linalokuja baada ya @). Unalipia tovuti, fundi anakufungulia anwani ya info, barua zako zinaenda kwenye barua taka au zinakataliwa, unadhani ni kiambatisho. Jaribu kutuma neno moja tu bila faili. Nalo likipotelea huko huko, angalia rekodi za SPF na DKIM kwenye kikoa chako. Hizo ndizo zinazoiambia seva ya kule kwamba mashine iliyotuma imeruhusiwa kutuma kwa jina lako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: kila mtumaji awe na mojawapo, na wanaotuma barua kwa wingi (kwa Google ni 5,000 kwa siku na zaidi) wawe nazo zote mbili pamoja na DMARC, rekodi inayoieleza seva ya kule ifanye nini barua isipothibitika. Fundi aliyekuwekea tovuti anaweza kuziweka ndani ya saa moja, mdai.

Kuhusu namba: ikianza na 4, tatizo ni la muda na seva itaendelea kujaribu yenyewe. Ikianza na 5, imekataliwa moja kwa moja, kurudia kutuma vile vile hakusaidii. 5.1.1 anwani haipo, soma tena herufi kwa herufi. 5.7 na kinachofuata ni sera au usalama.

Mchoraji ramani za nyumba (Arusha)

Michoro yangu inavuka MB 25 karibu kila mara. Gmail ikiona hivyo inaipandisha Drive na kutuma linki. Mteja wa binafsi hana shida. Ila kuna ofisi moja tuliyokuwa tunashughulikia nayo mradi, linki ilikuwa inamletea mhandisi ukurasa wa kuomba ruhusa, naye akadhani nimemfungia makusudi. Kabla ya kutuma, badilisha iwe kila mwenye linki aone, kisha ifungue mwenyewe kwenye dirisha la faragha ambalo hujaingia na akaunti yako. Ikikufungukia hapo itamfungukia na yeye.

Halafu ofisi nyingine Drive yenyewe imezuiwa kwenye mtandao wao. Hapo nagawa: msingi barua moja, kuta barua nyingine, paa nyingine, na kwenye kichwa naandika "1 kati ya 3" ili ikikosekana moja ijulikane.

Mwanzisha mada (Morogoro)

Dada au kaka wa Iringa, pole kwa kusubiri. Foleni maana yake barua haijatoka kwenye simu yako kabisa, kwa hiyo msimamizi asilaumiwe. Kila ulipobonyeza tuma umeongeza nyingine nyuma yake, na zote zinagombania bando moja. Fungua kikasha cha zinazosubiri kutoka, futa zote ubaki na moja. Angalia kama umewasha kiokoa data, maana kinaweza kuizuia Gmail isitume ukiwa nje ya programu. Angalia pia kama bando ni la mitandao ya kijamii tu, kuna mabando ya hivyo na barua pepe haipiti humo. Ripoti ina picha za kiwandani? Kama umeiandika kwa Word, kwenye kompyuta bonyeza picha moja, chagua kubana picha, weka ubora wa 150 (ppi), kisha hifadhi kama PDF. Ikishindikana ilete kwenye steshenari yoyote ya karibu na chuo utumie mtandao wao, halafu mtumie msimamizi ujumbe mfupi umwambie saa uliyotuma na ukubwa wa faili, athibitishe anaona ukubwa huo huo.