Saa tatu au saa sita? Swali kuhusu kusoma Mateso ya Bwana nyumbani

Baba Upendo:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kila Ijumaa Kuu nyumbani kwetu husoma habari za Mateso kwa kufuata saa za Marko: saa tatu Bwana anasulubiwa, saa sita giza linaifunika nchi, saa tisa analia kwa sauti kuu na kukata roho. Kwa kuwa nasi twahesabu saa tangu macheo, kama walivyohesabu watu wa Yerusalemu siku zile, utaratibu huu hauhitaji maelezo. Unatazama saa ya ukutani, unafungua Biblia. Jana binti yangu alikuwa amefungua Yohana 19:14, akauliza mbele ya wageni imekuwaje Yesu yuko bado mbele ya Pilato yapata saa sita, ilhali sisi tulikwisha kumsulubisha tangu saa tatu. Nilimwambia tutazungumza baadaye, na hiyo baadaye ndiyo imenileta hapa.

Mzee wa Kanisa:
Ndugu yangu, mpongeze binti huyo kwanza. Jibu nililofundishwa mimi ni kwamba Yohana alihesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa sita yake ni saa kumi na mbili yetu ya asubuhi. Lilinitosha miaka mingi, hadi niliposoma upya mlango wa 4, pale Yesu anapoketi kisimani Samaria, yapata saa sita, amechoka kwa safari. Nikajiuliza ni msafiri gani anayefika amechoka hivyo alfajiri. Tena Warumi wenyewe, ijapokuwa siku yao ya kisheria ilianza usiku wa manane, saa za mchana walizihesabu tangu jua kuchomoza. Wako wanaosema kwamba watu walikadiria tu kwa kutazama jua, na neno «yapata» linawapa nafasi, lakini kati ya saa tatu na saa sita asubuhi nzima imepita.

Mama Mwinjilisti:
Shikamoo Mzee. Baba Upendo, tazama Yohana anaitaja saa hiyo pamoja na nini: Maandalio ya Pasaka, siku ya kuchinja wana-kondoo. Macho yake yako kwa Mwana-kondoo tangu mlango wa 1. Marko anasema sifongo ya siki ilitiwa juu ya mwanzi. Yohana anasema hisopo, ule mmea ambao Waisraeli waliuchovya katika damu kule Misri ili kuipaka miimo ya milango, Kutoka 12:22. Kisha anaeleza, yeye peke yake, kwamba miguu ya Yesu haikuvunjwa, na sheria ya kutomvunja mfupa mwana-kondoo wa Pasaka imo katika mlango uleule wa Kutoka. Ukizichanganya habari hizi ili zilingane, hisopo inakupotea mkononi. Kwetu tunasoma mwinjilisti mmoja kwa mwaka, mwanzo hadi mwisho, bila kuazima mstari kwa mwenzake.

Mzee wa Kanisa:
Marahaba, mwanangu. Nakubali, ila tusiseme, kama wahubiri wengi wasemavyo, kwamba saa sita ndiyo hasa saa ya kuchinja. Yosefo, mwanahistoria Myahudi aliyelijua Hekalu kabla halijabomolewa mwaka 70, anaandika kwamba wana-kondoo wa Pasaka walichinjwa tangu saa tisa hadi saa kumi na moja. Kwa hesabu hiyo ni saa tisa ya Marko, si saa sita ya Yohana, inayoangukia wakati wa kuchinja, nami nimekaa na jambo hilo muda mrefu bila kulimaliza.

Baba Upendo:
Nawashukuru sana. Jioni hii nimemsomea binti majibu yenu yote, na ile hoja ya kisima ilimchekesha. Amekwisha kuona kwamba kesho kaburini Marko anasema jua lilikuwa linaanza kuchomoza, na Yohana anasema kungali giza bado. Nimemwambia asome yeye, zote mbili, kwa sauti, na wageni wakiuliza atajibu mwenyewe.