Fundi wa miksi, yule mnayemjua, leo kanivunjia heshima mbele ya watu

Mkwaruzo_Malindi:
Nimetoka studio sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Sitaji jina. Mnamjua. Yule wa kiti kinacholia kama mlango wa bohari, mahamri hayamtoki mkononi.

Tumerekodi roki, magitaa mawili ya mkwaruzo, moja kushoto moja kulia, siku tatu mpaka vidole vimeota sugu. Bwana yule akazima vyombo vyote, akabakisha gitaa langu peke yake, akapandisha hertzi 250, zile sauti nenenene, "lipate kifua". Peke yake lilinguruma kama simba. Alipowarudisha besi na ngoma, uji! Uji wa muhogo! Gitaa langu limezama, Bahari ya Hindi yote juu yake.

Nikamwambia kwa adabu: ami, kata chini ya 100, huko ni kwa besi na ngoma ya mguu. Hapo 250 shusha, kisha nipe kidogo kwenye kilohertzi 3, sauti kali za juu, nyuzi ziume. Akatafuna. Akazungusha kitufe cha ikwalaiza, kile cha kupandisha na kushusha sauti nene na kali. Akauliza, "Sasa je?"

Nikasema, "Ahaa! Hapo sasa! Linapenya!" Mbele ya bendi nzima. Mbele ya shemeji yangu aliyekuja kusikiliza tu.

Akasema, "Hiyo ikwalaiza imezimwa, mwanangu."

Imezimwa! Na alijua! Alizungusha huku anajua, na mahamri mdomoni! Mtu mzima unazungushaje kitu kilichozimwa? Wallahi sina lingine. Imezimwa!

BesiNzito: Ngoja kwanza. Lilipenya au halikupenya?

Mkwaruzo_Malindi: Hilo si swali.

BesiNzito: 😂😂 Basi fundi ana haki. Uji mnauleta nyinyi wenyewe. Kila mmoja kajitengenezea sauti kwake chumbani, besi juu, mkwaruzo hadi mwisho, halafu mnakuja kulia studio. Uzi wenu mnene kabisa ni hertzi 82, wangu ni 41. Huku chini kwangu mnatafuta nini?

Mtoto_wa_Barani: Na sisi waimbaji je? Hizo kilohertzi 3 anazoziomba ndiko maneno yanakosikika. Magitaa mawili yakijaa hapo, mimi nabaki kufumbua mdomo kama changu sokoni.

Mkwaruzo_Malindi: Jamani, ILIKUWA IMEZIMWA.

Mtoto_wa_Barani: Tumesikia. Hata wewe ungesikia, ungejua imezimwa.

Udi_wa_Langoni: Nyinyi mna studio mnalalamika. Mimi huku Lamu narekodi udi chumbani, dirisha wazi kwa joto, nikifika penye utamu tu punda analia. Mara nne jana. Ikwalaiza inakata wapi kumtoa punda?

BesiNzito: Huyo hakatiki, yuko kila mahali. Mpeleke kushoto, udi uweke kulia, useme ni mtindo.

Mtoto_wa_Barani: 😂 Kwani punda wa jirani?

Udi_wa_Langoni: Wangu.

Mtoto_wa_Barani: Na unamfunga chini ya dirisha?

Udi_wa_Langoni: Ndipo penye kivuli.

Mkwaruzo_Malindi: Uzi huu ni wa gitaa. Fungueni wa punda.

BesiNzito: Mwache kwanza. Udi, huyo punda analia kabla ya ubeti au baada?

Mama_Viungo: Mimi nimechelewa. Hayo mahamri fundi anayanunua wapi?