Naomba ushauri: kidato cha kwanza waanze na viambishi awali au tamati vya Kiingereza?

mwl_kitini: Wakuu, naandaa kitini cha msamiati wa Kiingereza. Nimekwama: nianze na un-, dis-, re- au na -able, -ness, -ly? Muda umebana sana.

Mama Sarufi: Anza na mzizi, mwalimu. Ongeza kiambishi kimoja kimoja, na kila hatua itoe neno linalotumika. "Believe" ni kitenzi. Ikija -able, e inadondoka, unapata kivumishi "believable". Hapo ndipo un- inakaa: "unbelievable". Lakini "disagreement" huenda kinyume: "agree", "disagree", kisha -ment. Neno lenyewe ndilo linalopanga foleni.

Kalamu Nyekundu: Mimi naona tahajia ndiyo inayokula alama. "Disappoint" ina s moja kwa kuwa ni dis- na "appoint". "Misspell" ina mbili kwa kuwa mis- imekutana na "spell". -ful ina l moja, ikifuatwa na -ly zinakuwa mbili: "carefully". Na e inayodondoka kwenye "usable" inabaki kwenye "changeable", maana ikiondoka, g itasomwa kama ya "gate".

Mkwezi: Mkuu, muda umebana kivipi? Weka ukurasa mmoja tuone.

mwl_kitini: Kiko kwa mchapaji, nusu ya hela nimeshalipa. Nimeweka kanuni moja wasichanganyikiwe: kukanusha kivumishi weka un-, kupata nomino weka -ness. "Unpossible", "unregular", "unlegal". Kanuni moja inakumbukwa, kumi zinasahaulika.

Msema Kweli: Uzi wa kutunga huu. Mwalimu gani anaandika "unpossible"? Ufungwe.

Mkwezi: Hata mimi nina shaka. Nusu ya hela imelipwa, halafu anauliza aanzie wapi?

Mama Sarufi: Msimhukumu. Un- ni ya Kiingereza chenyewe, inashika maneno mapya kirahisi. In- ilikuja na maneno yenye asili ya Kilatini. "Unpossible" liliwahi kuandikwa na Waingereza wenyewe zamani, likashindwa na "impossible".

mwl_kitini: Basi kanuni yangu ina msingi. Kwa nini niibomoe?

Bin Ngeli: Kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza cha leo, ndugu yangu. Na in- haihitaji kanuni kumi. Wanafunzi wako wanasema nguo mpya, nguo mbaya, nguo ndefu: n- ya ngeli inageuka kufuata sauti inayofuata. In- nayo hivyo hivyo: mbele ya p, b, m inakuwa im- ("impossible", "imbalance", "immature"), mbele ya l ni il- ("illegal"), mbele ya r ni ir- ("irregular"). Un- haigeuki: "unreal", "unlimited". Kujua lipi linachukua un- na lipi in- ni kukariri, hapo hakuna njia ya mkato.

mwl_kitini: Ukurasa huo nitauongelea na mchapaji. Ila -ness siitoi.

Kalamu Nyekundu: Ibaki, ila ionyeshe y ikigeuka i: "happy", "happiness". Kisha weka safu ya pili ya -ity, na mkazo upigiwe mstari: "active" mkazo uko silabi ya kwanza, "activity" unahamia ya pili. -ness haihamishi mkazo. Mpigie mchapaji leo, kabla mashine haijawashwa.