Naomba ushauri: koti la jukwaani linanasa mikononi

Habari zenu wakuu, hasa mafundi wa mavazi ya jukwaani.

Namshonea mwimbaji koti refu la manyoya bandia, mfano wa lile alilovaa Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, kwenye ukumbi wa Kennedy Center, Washington, Desemba 2015. Aretha alipiga piano akiwa amelivaa, akasimama, kisha akaliacha lidondoke sakafuni huku anaimba. Ukumbi ukalipuka!

Langu halidondoki. Mabegani linateleza vizuri, likifika kiwikoni linagoma: vimetameta vya gauni vinakwaruza bitana ya pamba. Mzingo wa mkono wa koti nimeupanua kutoka sentimita 34 hadi 44. Wa kulia sasa unatoka, wa kushoto bado, maana ngumi iliyoshika maiki ni pana kuliko mdomo wa mkono. Nimeshona pia mnyororo mwembamba kwenye pindo la chini ili uzito uvute. Koti likaanza kurudi nyuma na kumkaba shingo kabla ya wakati wake.

Naomba kujua:
Bitana ya satini itatosha juu ya vimetameta, au niweke kitambaa laini zaidi?
Na nikifumua mshono wa chini wa mkono hadi kiwikoni, pengo litaonekana akiwa kwenye piano?