Bwawa la uani: peleti za kuelea, mchanganyiko wa nyumbani au maji ya kijani?

BwawaDogo
Wakuu, habari za humu. Nina bwawa nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 4, maji yanafika kina cha mita 1, na chini nimetandika turubai la plastiki. Ndani kuna perege 60, wana gramu 20 hivi kila mmoja, madume na majike wamechanganyika. Maji ni ya bomba. Pampu ya hewa ninayo, ndogo.

Kila ninayemuuliza kuhusu chakula ana dini yake. Mmoja anasema peleti za kuelea tu (punje za chakula cha kiwandani), mwingine anasema changanya mwenyewe pumba na mashudu, wa tatu ananiambia nitie samadi maji yawe ya kijani, samaki watajitafutia. Nataka ulinganisho kutoka kwa waliofuga, si kutoka kwa wauzaji. Samaki ni wa kula nyumbani. Na kazini natoka alfajiri, narudi jua bado lipo.

KapteniMapezi
Mkuu, kwa anayeanza, peleti za kuelea, wala sisiti. Si kwa sababu ndizo zenye lishe kuliko vyote duniani, bali kwa sababu unamwona samaki akila. Unarusha kidogo, wanapanda juu, wakianza kupoa unaacha. Chakula kinachozama hujui kimeliwa au kimelala chini kinaoza, hasa kama maji si maangavu.

Angalia na kiwango chenyewe. Samaki 60 wa gramu 20 ni kilo 1.2 ya samaki. Kwa umri huo wape kama asilimia 5 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 60. Hicho ni chakula cha kiganjani! Watu wengi wanamwaga mara tatu ya hapo halafu wanashangaa maji yananuka. Wakifika gramu 100 unashuka hadi asilimia 3 hivi, wakipita 200 unakaa kwenye 2. Kila baada ya wiki mbili vua wachache kwa wavu, wapime, piga hesabu upya.

Protini nayo inashuka na umri. Vifaranga wadogo kabisa wanataka asilimia 40 na kitu, hao wa kwako asilimia 32 hadi 35 inawatosha, na baadaye 28 hadi 30. Punje iwe ndogo kuliko mdomo wa samaki wako mdogo kuliko wote, si wa yule mkubwa.

MzeeWaPumba
Kapteni anaongea kama mtu ambaye hajawahi kushika chekecheke. Kwa samaki 60 wa kula nyumbani, mchanganyiko unatosha, ila uchanganye kwa hesabu, si kwa kukisia.

Chukua mfano rahisi: mashudu ya soya yana protini kama asilimia 44, pumba za mahindi kama 10. Unataka 28. Toa 10 kwenye 28, unapata 18: hizo ndizo sehemu za soya. Toa 28 kwenye 44, unapata 16: hizo ni sehemu za pumba. Basi kila kilo 18 za mashudu kwa kilo 16 za pumba. Ukiwa na unga wa dagaa, punguza soya kiasi uweke huo, kwa sababu soya peke yake ina upungufu wa baadhi ya vijenzi vya protini ambavyo samaki anavihitaji, na dagaa anavyo. Tena dagaa anaongeza harufu, perege wanaifuata.

Soya ikiwa mbichi, ya punje, ikaange au ichemshe kwanza. Ina kitu kinachozuia mmeng'enyo wa protini na moto ndio unaokiua. Mashudu ya pamba usiyazidishe, yana sumu yake ya asili. Funga mchanganyiko kwa uji wa muhogo, pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, kata vipande, anika kivulini mpaka vikauke kau.

KapteniMapezi
Mzee, shikamoo, na chekecheke nimeshika. Hesabu yako ya protini sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko majini. Peleti nzuri ya kiwandani, kilo moja na nusu hivi inakupa kilo moja ya samaki. Ya nyumbani mara nyingi inapita mbili, kwa sababu nyingi inavunjika kabla haijafika mdomoni. Kwa hiyo usilinganishe bei ya mfuko na bei ya mfuko. Chukua bei ya kilo, zidisha kwa kilo zinazohitajika kupata kilo moja ya samaki, ndipo useme kipi rahisi. Chakula cha nusu bei kinachotumika mara mbili hakijakuokolea kitu, na hayo mabaki umebaki nayo bwawani.

MzeeWaPumba
Marahaba. Ndiyo maana nikasema uji wa muhogo. Dondosha kipande kwenye glasi ya maji, kikikaa robo saa bila kusambaratika, kinafaa. Kikigeuka uji, rudi jikoni. Anayetupa pumba kavu za unga juu ya maji huyo anarutubisha bwawa, halishi samaki.

MamaMajani
Na kurutubisha bwawa si dhambi 😄. Perege ni mla mwani. Ana matamvua yanayochuja vijimea vidogo, na anakula pia ute ule unaoota kwenye kuta. Kwa samaki wachache, wawili watatu kwa kila mita ya mraba kama alivyo BwawaDogo, maji ya kijani yanabeba sehemu kubwa ya mlo na chakula cha kurusha kinakuwa nyongeza.

Njia yangu: samadi iliyokauka kwenye gunia, gunia linafungwa pembeni ya bwawa, unalitikisa kila siku. Usimwage samadi moja kwa moja, inashuka chini na kula hewa yote. Kipimo ni mkono wako. Uzamishe wima, kiganja kikiwa wazi. Ukiendelea kukiona kiganja hata maji yakipita kiwiko, maji bado membamba. Kikipotea maji yanapofika karibu na kiwiko, pazuri hapo. Kikipotea kabla hata mkono haujafika nusu, toa gunia na uongeze maji safi.

Ila nikiri upande wa pili: bwawa la turubai halina tope, kwa hiyo wale wadudu na minyoo wa chini hawapo wengi. Unapata mwani, hupati kila kitu ambacho bwawa la udongo linatoa. Na mwenye kambale hana faida kubwa kwa maji ya kijani, kambale anataka nyama.

FundiBomba
Mnabishana chakula, mimi naona maji. Kwenye bwawa la mita za ujazo 24, kinachoamua ulishe kiasi gani si njaa ya samaki, ni hewa na amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula.

Mwani unatoa oksijeni mchana na unavuta usiku. Kwa hiyo oksijeni inafika chini kabisa kabla jua halijachomoza. Kadiri maji yalivyo ya kijani, ndivyo shimo la alfajiri linavyokuwa refu. Mtu ana pampu, anaiwasha mchana aone mapovu mazuri, usiku anazima apumzike na kelele. Ni kinyume! Kama umeme unakubana, iwashe kuanzia usiku wa manane hadi jua lipande, mchana uzime. Perege wanavumilia hewa kidogo kuliko samaki wengi, lakini kuvumilia si kukua. Chini ya miligramu 3 kwa lita wanapoteza hamu ya kula, na unachorusha kinakuwa uchafu. Lenga 5 na kuendelea.

Amonia nayo inatoka kwenye kila protini unayolisha, iwe ya kiwandani au ya mzee. Ukali wake unapanda maji yakiwa ya joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa juu, na maji ya kijani hupandisha pH jioni. Kwa hiyo bwawa lililopimwa asubuhi likaonekana salama, jioni linaweza kuwa jambo jingine kabisa. Ukiona samaki wamejazana juu wanatweta, usiwape chochote. Toa maji ya chini, ingiza mapya, washa pampu.

Na maji ya bomba: klorini inachoma matamvua. Yaache wazi kwenye pipa siku moja au mbili kabla ya kuyaingiza, au tumia dawa ya kuiondoa. Ikiwa mamlaka ya maji ya kwenu inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuacha wazi hakusaidii, hapo ni dawa tu.

BwawaDogo
Fundi, hapo kwenye alfajiri umenigusa. Mimi ndiyo saa ninayowalisha, kabla sijatoka. Kumbe ni saa mbaya? Nifanyeje, maana jua likishapanda siko nyumbani.

FundiBomba
Ni saa mbaya kuliko zote. Samaki akishiba anatumia oksijeni zaidi kumeng'enya, na wewe unamshibisha wakati haipo. Acha alfajiri. Lisha ukirudi, mradi jua limebaki kama saa mbili, usilishe gizani. Wikiendi lisha mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

MamaMajani
Na hapa ndipo maji ya kijani yanapokufaa, kaka. Perege ana tumbo dogo, anapenda kudonoadonoa kutwa. Ukiwa kazini anajilia mwani, ukirudi unamwongezea. Mwenye maji maangavu na mlo mmoja wa jioni, samaki wake wanagombana, wakubwa wanazidi kuwa wakubwa.

KapteniMapezi
Nakubaliana na dada hapo. Kuna pia mashine za kulishia zenye saa, unajaza, inamwaga kwa vipimo. Zinafanya kazi na peleti kavu tu, mchanganyiko wa Mzee utaziziba. Tatizo lake ni kwamba mashine haioni. Siku ya mawingu mazito, samaki hawana hamu, yenyewe inamwaga vilevile.

FunzaTele
Hakuna aliyetaja funza wa nzi askari mweusi? Wakikaushwa protini yao ni kama asilimia 40, wanakula mabaki ya jikoni, na wakikomaa wanapanda wenyewe kutoka kwenye chombo na kudondokea kwenye ndoo. Nzi mzima haingii ndani kutafuta chakula wala haumi. Mimi nawapa samaki wakiwa hai, hawabaki hata mmoja juu ya maji.

Tahadhari: wana mafuta mengi. Wafanye sehemu ya mlo, usiwafanye mlo wote.

MzeeWaPumba
Funza sawa. Azola pia, kile kimea kidogo cha kuelea, inaota yenyewe juu ya maji, ila ioteshe kwenye beseni lake. Ukiiachia ndani ya bwawa inafunika juu, mwani unakosa mwanga, hewa inakatika.

Samaki_wa_Baridi
Niongeze la joto, maana si wote tunaishi kwenye maji ya nyuzi 28. Perege anakula vizuri kati ya 26 na 30. Chini ya 20 punguza sana, ikikaribia 16 acha kabisa, na ikiendelea kushuka kuelekea 10 utaanza kuokota maiti. Mimi nafuga koi (samaki wa mapambo) na samaki wa dhahabu, wao wanavumilia baridi, lakini chini ya nyuzi 10 siwapi kitu. Tumbo limelala, chakula kinaozea ndani. Nunueni kipimajoto kabla ya mfuko wa pili wa peleti.

MvuaNyavu
BwawaDogo, umetaja madume na majike kama jambo la kupita, na mimi naona ndilo litakalokuharibia hesabu zote hizi. Perege anaanza kuzaa akiwa bado mdogo, jike anatunza mayai mdomoni na wakati huo hali. Baada ya miezi michache utakuwa na mamia ya vifaranga wanaokula gramu ulizowapigia hesabu wale 60. Utasema chakula kibaya, kumbe idadi.

Njia mbili. Wakifika gramu 30 hadi 50, watenganishe kwa kuangalia tundu chini ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Majike kaangeni, madume yaendelee. Au ingiza kambale wachache wale vifaranga. Sharti kambale wawe wadogo kuliko perege wako siku ya kuwaingiza, la sivyo watakula wasichoandikiwa.

BwawaDogo
Asanteni sana. Basi nimepanga hivi: peleti za kuelea za asilimia 32 jioni, nusu gunia la samadi kwa njia ya Mama, pampu usiku. Wakifika gramu 100 najaribu mchanganyiko wa Mzee pamoja na funza. Majike yatatoka mapema. Swali la mwisho: mfuko wa peleti wa kilo 20 kwa gramu 60 kwa siku, si utakaa mwaka?

KapteniMapezi
Utakaa muda mrefu kuliko ubora wake, ingawa gramu zitapanda wanavyokua. Vitamini C inapotea kadiri miezi inavyokwenda, jitahidi kumaliza ndani ya miezi mitatu. Nunua mfuko mdogo, au gawaneni na jirani mwenye bwawa.

MzeeWaPumba
Na uuinue kutoka sakafuni, juu ya mbao, usiegemee ukuta. Ukiona ukungu au mabonge, au harufu ya uvundo, usijaribu kuanika na kuokoa. Sumu ya ukungu haitoki kwa jua. Hiyo hata kuku usiwape, ichimbie shimo.

BwawaDogo
Jirani anao perege pia, tena wakubwa kuliko wangu. Jioni hii naenda kumwona tugawane mfuko.