Naomba ushauri: ninawezaje kuitambua dhana iliyojificha katika maswali ya mantiki?

Msaka Hoja (mleta uzi)

Wanajukwaa, naomba mnisaidie jambo ambalo limenikwamisha kwa majuma kadhaa. Ninajiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria, ambao tangu Agosti 2024 umeondoa michezo ya mantiki na kubaki na sehemu tatu zinazohesabiwa, mbili kati yake zikiwa za hoja za kimantiki, kila moja kwa dakika 35. Kwa hiyo udhaifu wangu sasa unaniadhibu mara mbili. Maswali ya kuidhoofisha hoja au kuiimarisha hayanisumbui sana. Ninapoulizwa mwandishi amechukulia jambo gani bila kulitaja, hapo ndipo ninapopotea.

Huu ni mfano niliouunda kwa kufuata sura ya swali lililoniangusha jana:

"Maktaba ilisogeza mbele saa ya kufunga hadi saa nne usiku, lakini idadi ya vitabu vilivyoazimwa haikuongezeka. Kwa hiyo saa hizo za nyongeza hazikuwasaidia wasomaji." Hoja hii inategemea dhana ipi?

(a) Wasomaji wengi hupendelea kusoma usiku kuliko mchana.
(b) Hakuna wasomaji walionufaika na saa hizo kwa namna isiyoonekana katika idadi ya vitabu vilivyoazimwa.
(c) Idadi ya vitabu vinavyoazimwa ndiyo njia pekee ya kupima manufaa ya maktaba yoyote.

Nilichagua (c) kwa kuwa niliona inaifunga hoja kabisa, kumbe jibu ni (b). Kosa langu liko wapi?

Fundi wa Mizani

Ndugu Msaka Hoja, umelieleza kosa lako mwenyewe uliposema kwamba (c) "inaifunga hoja kabisa". Swali halikukuuliza ni kauli gani ikiongezwa itaifanya hoja iwe kamili, yaani dhana toshelevu. Limekuuliza ni kauli gani ambayo hoja haiwezi kusimama bila yake, yaani dhana ya lazima. Hayo ni mambo mawili tofauti. Dhana toshelevu huruhusiwa kuwa kubwa kupita kiasi, ilhali dhana ya lazima mara nyingi ni ndogo na ya tahadhari, kiasi kwamba msomaji mwenye haraka huipita akidhani haina uzito.

Ukiikanusha dhana ya lazima, hoja huanguka; zikanushe (b) na (c) uone. Kanusho la (c) ni kwamba ipo njia nyingine ya kupima manufaa ya maktaba. Je, hoja imekufa? La, kwa sababu huenda njia hiyo nyingine nayo ingeonyesha kwamba wasomaji hawakusaidiwa. Tena mwandishi anazungumzia maktaba moja na saa chache za usiku, wala hana haja ya kudai lolote kuhusu "maktaba yoyote". Sasa kanusha (b): wapo wasomaji walionufaika kwa namna isiyoonekana katika idadi hiyo, tuseme waliokuja kusoma hapohapo na kuondoka mikono mitupu. Hitimisho linaanguka papo hapo.

Kuhusu (a), usiipe hata sekunde tano. Mwandishi hahitaji wapendelee usiku. Kama kuna lolote, jambo hilo lingemtia mashakani.

Bi Kalamu

Nakubaliana na Fundi, ila nina angalizo. Ukianza kukanusha machaguo yote matano katika kila swali, dakika 35 zitakwisha ukiwa katikati ya karatasi. Mimi hukanusha pale tu ninapobakiwa na machaguo mawili. Kabla ya hapo hutafuta neno geni, yaani neno lililochomoza katika hitimisho ilhali halikuwamo katika kauli za msingi. Hapa kauli za msingi zinasema "vitabu vilivyoazimwa", kisha hitimisho linaleta "kuwasaidia wasomaji". Mwandishi ameruka kutoka kuazima vitabu hadi kusaidiwa bila kutuonyesha daraja, na daraja hilo ndilo unaloulizwa.

Hata hivyo, hoja moja yaweza kuwa na pengo zaidi ya moja. Katika mfano wako imejificha dhana nyingine: kwamba idadi ya vitabu isingeshuka endapo maktaba ingeendelea kufungwa mapema. Kama ingeshuka, basi kule kutoongezeka kwenyewe ni mafanikio. Mtungaji wa swali angeweza kuuliza hiyo badala ya (b), kwa hiyo usikariri pengo moja ukaacha kuangalia mengine.

Msomaji wa Kando

Niongeze kidogo kwa wanaojiandaa kwa jaribio la Watson-Glaser, la kupima uwezo wa kuzichambua hoja, ambalo waajiri wengi hulitumia. Utambuzi wa dhana ni mojawapo ya sehemu zake tano, lakini huko huchagui kati ya machaguo matano. Unapewa kauli na dhana inayopendekezwa, kisha unaamua kama imechukuliwa au haikuchukuliwa. Mtego wake mkubwa ni ukweli. Dhana yaweza kuwa kweli tupu duniani na bado msemaji hakuitegemea, na yaweza kuwa uongo mtupu na bado yeye ameijengea hoja yake yote. Aristotle alikwisha kueleza kwamba msemaji huacha kutaja kile ambacho msikilizaji anaweza kukijazia mwenyewe, na ndiyo maana hatukioni: tumeshakijazia kabla ya kumaliza kusoma.

Msaka Hoja (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Nimejaribu swali jingine na nimekwama tena. Hoja inasema makosa ya hesabu yamepungua tangu wahasibu waanze kutumia programu mpya, hivyo programu ndiyo iliyoyapunguza. Chaguo mojawapo ni "Wahasibu wote walipata mafunzo ya kuitumia." Nikalikanusha: "Hakuna mhasibu aliyepata mafunzo." Hoja ikaonekana kutikisika, nikalichagua. Nimekosa.

Fundi wa Mizani

Kanusho lako limevuka mpaka. Kinyume cha "wote" ni "si wote", na kinyume cha "baadhi" ndicho "hakuna hata mmoja". Lugha yetu yenyewe hututega hapa, maana mtu akisema "wahasibu wote hawakupata mafunzo", mmoja ataelewa kwamba hakuna aliyepata na mwingine ataelewa kwamba wapo waliokosa. Unapokanusha, anza sentensi kwa "si kweli kwamba", kisha ndipo uisome upya.

Si kweli kwamba wahasibu wote walipata mafunzo: basi labda wawili walikosa, na programu bado yaweza kuwa ndiyo iliyopunguza makosa. Je, hakukuwa na chaguo lililogusa wingi wa kazi katika kipindi hicho?

Msaka Hoja (mleta uzi)

Lilikuwapo: "Idadi ya hesabu zilizofanywa haikupungua kwa kiwango kilekile ambacho makosa yalipungua." Nililipita kwa kuona halitaji programu hata mara moja. Sasa nimelikanusha: hesabu zilipungua sawasawa na makosa. Programu haina tena sifa ya kupewa.